Sura ya Nne: Mji kwa Reli, Ufuko kwa Gari

Mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kuja Toronto hufika akiwa amemaliza karibu siku nzima angani na kwenye viwanja vya ndege. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Lazima apitie Addis Ababa, Istanbul, Amsterdam, Dubai au Doha. Akitua Pearson mchana wa kiangazi, mwili wake bado unafuata saa za nyumbani, ambazo ziko mbele kwa saa saba. Pale nje wanamsubiri watu wanaompenda, na mapenzi yao yameshaandika orodha: mnara wa CN, maporomoko ya Niagara, Ottawa, Montreal, maduka makubwa, jamaa wa London ya Ontario, arusi ya Jumamosi, na ufukoni kama nafasi itapatikana. Muda alio nao ni wiki moja.

Wengi wetu tunaoishi huku tumewapitisha wageni wetu kwenye orodha ya namna hiyo. Picha zinapatikana, tena nyingi. Lakini mama anasinzia kwenye kiti cha nyuma, miguu imevimba kwa kukaa, na akirudi nyumbani anasimulia zaidi foleni za magari kuliko mji wenyewe. Safari fupi inaharibiwa na wingi wa vituo kuliko inavyoharibiwa na uhaba wa fedha.

Sura hii inatetea mpango mwingine, unaomfaa mgeni mwenye wiki moja na mwenyeji mwenye siku chache za likizo. Ni mpango wa nusu mbili zisizochanganywa. Nusu ya kwanza ni ya mji, na mji tutauzunguka kwa reli na kwa miguu. Nusu ya pili ni ya ufuko, na huko tutakwenda kwa gari. Anayekodi gari siku ya kwanza analipia chombo kitakachoshinda kwenye maegesho ya kulipia, na dereva wake anachoka kabla safari yenyewe haijaanza. Kinyume chake nacho ni kweli: mabasi na treni zitakufikisha kwenye miji ya kando ya ziwa, lakini ufuko wenyewe mara nyingi uko mbali na kituo. Ukizitenga nusu hizi mbili, maamuzi mengine yanajipanga.

Pa kulala pachaguliwe kwanza

Watu huanza kupanga kwa kuuliza waone nini. Swali la kwanza liwe mgeni alale wapi, kwa sababu katika mji mkubwa kila asubuhi huanzia pale kitanda kilipo. Ninapendekeza Mount Dennis, upande wa kaskazini-magharibi mwa Toronto, pale Weston Road inapokutana na Eglinton Avenue. Ni mtaa wa watu wa kazi, wenye familia zilizotoka Karibi, Ufilipino, Ureno, Somalia na sehemu nyingine za Afrika. Wageni wengi wa kwetu hufikia huku au mitaa ya jirani kwa sababu ndiko ndugu zao wanakopanga.

Kwa muda mrefu mtaa huu ulijulikana kwa kiwanda. Kampuni ya Kodak ilinunua ardhi hapa mwaka 1912, na kwa vizazi kadhaa filamu zilizopigiwa picha kote Kanada zilitengenezwa hapa. Kamera za dijitali zilipoua biashara ya filamu, kiwanda kilifungwa mwaka 2005 na majengo yake karibu yote yakabomolewa. Lilibaki moja, Jengo Namba 9, lililojengwa mwaka 1940 kwa ajili ya burudani na mapumziko ya wafanyakazi. Wajenzi wa reli walipohitaji msingi mpya mahali pale pale, walilinyanyua jengo zima la matofali, wakalisogeza kando mwaka 2016, kisha wakalirudisha juu ya msingi mpya. Leo limeunganishwa na stesheni ya Mount Dennis, na abiria hupita chini ya kuta zile zile walizopita wafanyakazi wa Kodak wakienda kupumzika.

Stesheni hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuutetea mtaa huu. Njia tatu za reli hukutana hapo. Ya kwanza ni UP Express, treni inayounganisha uwanja wa ndege wa Pearson na stesheni kuu ya Union katikati ya mji. Safari nzima ni dakika 25, na Mount Dennis iko katikati yake. Ya pili ni treni ya GO ya njia ya Kitchener. Ya tatu ni Njia ya 5 ya Eglinton, iliyofunguliwa Februari 2026 baada ya ujenzi ulioanza mwaka 2011. Inaanzia hapa Mount Dennis na kwenda kilomita 19 hadi Kennedy upande wa mashariki, ikiwa na vituo 25, na zaidi ya nusu ya urefu wake iko chini ya ardhi. Mgeni anayelala mwendo mfupi wa miguu kutoka stesheni hii anashuka kwenye ndege, anapanda treni moja, na yuko nyumbani. Siku ya kuondoka anarudi kwa treni hiyo hiyo bila kumwomba mtu lifti ya alfajiri.

Kabla ya kununua tiketi

Mambo matatu yatangulie: viza, bima na msimu.

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya wageni. Ada ya maombi ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole na picha ni dola 85 kwa mtu mmoja. Alama hizo hudumu miaka 10, kwa hiyo aliyewahi kutoa aangalie kwanza tarehe kabla ya kulipa tena. Kwa kawaida mgeni huruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Wazazi na babu na bibi wa wakaazi wa kudumu na raia wana viza yao maalumu, inayowaruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa kuingia mara moja, kwa sharti la bima ya afya na kipato cha mwenyeji. Usinunue tiketi isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Majibu huchukua muda, na muda huo haufuati tarehe ya arusi ya mtu.

Bima ya afya isipuuzwe hata kwa wiki moja. Mgeni hahudumiwi na bima ya umma ya Ontario, na usiku mmoja wa hospitali unaweza kuzidi gharama ya safari nzima. Mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu aseme ukweli wote kwenye fomu, na abebe dawa za kutosha kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari.

Msimu ndio unaoamua kama nusu ya pili ya mpango itawezekana. Maji ya Ziwa Ontario huchelewa kupata joto. Mwezi Mei jua linaweza kuwaka sawasawa huku maji yakiuma miguu. Julai na Agosti ni joto, lakini ndiyo miezi ya likizo za shule. Kila mtu yuko ufukoni, na bei za vyumba hupanda. Mimi huwashauri watu waje wiki za mwanzo za Septemba, baada ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo huku huangukia Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo. Shule zimefunguliwa, maji bado yana joto la Agosti, na vyumba vinapatikana.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Ikweta hulikuta bila kutarajia: urefu wa mchana. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Anayeswali atakuta Isha inakaribia saa tano usiku na Alfajiri inaingia saa chache tu baadaye. Mzee ambaye maisha yake yote Magharibi imekuwa saa kumi na mbili na dakika zake atasumbuka kulala. Weka pazia zito chumbani kwake. Septemba jua huzama saa moja na nusu hivi, na mwili wake utatulia mapema zaidi.

Siku za mjini

Kanuni ya nusu hii ni fupi: siku moja, upande mmoja. Anayetaka mashariki asubuhi na kusini jioni atatumia siku yake kwenye ngazi za stesheni.

Siku ya kufika isipangiwe kitu. Mgeni aoge, ale, kisha atembezwe Weston Road kabla giza halijaingia, ili asilale saa kumi jioni na kuamka usiku wa manane. Migahawa ya Kisomali ya upande huu wa mji itamrudisha nyumbani: wali wenye viungo, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu kando ya sahani. Unga mweupe wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika na Wakaribi, kwa hiyo hakuna sababu ya kujaza begi unga.

Siku inayofuata iwe ya mashariki. Kutoka Mount Dennis panda Njia ya 5 na usishuke mpaka kituo kinachoitwa Aga Khan Park & Museum. Nauli ya mtu mzima ni dola 3.30 kwa kugusisha kadi ya Presto au kadi ya benki, unaruhusiwa kubadili chombo ndani ya saa mbili, na mtoto wa miaka 12 au chini yake hapandi kwa kulipa. Jumba la makumbusho la Aga Khan lilifunguliwa mwaka 2014, kwa mchoro wa Mjapani Fumihiko Maki, na ni mahali pa sanaa ya ulimwengu wa Kiislamu: misahafu, vyombo vya udongo, michoro ya Iran na India. Linafungwa Jumatatu. Mbele yake, ng'ambo ya bustani yenye mabwawa ya maji meusi yaliyotulia, iko Ismaili Centre iliyochorwa na Charles Correa.

Kwa mgeni wa Afrika Mashariki, mahali hapa pana uzito wa pekee. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na Kanada ikawapokea zaidi ya 6,000. Waismaili wengi walikuwa miongoni mwao. Wengine walifuata kutoka Tanzania na Kenya kwa sababu zao, na Toronto ikawa moja ya miji yao mikubwa. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, anaishi Toronto. Mwaka 1994 alikuwa wa kwanza kabisa kupata tuzo ya Giller, tuzo kubwa ya riwaya ya Kanada, na mwaka 2003 akaipata tena. Ukikaa kwenye benchi la bustani ile Jumapili utasikia wazee wakichanganya Kikachi, Kiingereza na Kiswahili cha Kariakoo au cha Kampala. Mama aliyekuja kuona mji wa kigeni anaweza kusalimiwa kwa shikamoo hapo.

Ukirudi, shukia Oakwood au Fairbank na utembee Eglinton kidogo. Huo ndio mtaa unaoitwa Little Jamaica: vinyozi, maduka ya sahani za muziki, kuku wa kuchoma kwenye mapipa. Wenye maduka wa hapo waliumizwa na miaka mingi ya uchimbaji wa reli mbele ya milango yao, na wengine walifunga kabisa. Kula hapo, nunua hapo. Mgeni anayefaidi treni anaweza kurudisha kidogo kwa waliolipia ujenzi wake.

Siku ya tatu iwe ya kusini. UP Express itakushusha Union, stesheni iliyofunguliwa rasmi mwaka 1927, na kutoka hapo ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu hadi gati la Jack Layton. Mnara wa CN, wenye mita 553, utauona njiani. Kupanda juu kuna gharama na foleni, na mara nyingi mgeni huridhika kuutazama kutoka majini, ambako unaonekana wote. Feri za visiwani huchukua kama robo saa. Visiwa hivyo vilikuwa rasi iliyounganishwa na bara mpaka dhoruba ya mwaka 1858 ilipoikata. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, na mnara wa taa wa Gibraltar Point, ulioanza kujengwa mwaka 1808, bado umesimama. Vuka kisiwa hadi upande wa kusini. Huko utaliona ziwa likienda mpaka linapokutana na mbingu, bila ardhi ya kuonekana.

Siku ya nne mpe mgeni mwenyewe. Ana zawadi za kununua, ana jamaa wa kuwapigia simu, ana ibada yake, na ana usingizi wa kulipa. Wenyeji wengi huiogopa siku hii na kuijaza. Iacheni.

Gari na sheria zake

Gari lichukuliwe asubuhi ya kutoka mjini, lisichukuliwe kabla ya hapo. Leseni halali ya nyumbani inakubalika Ontario kwa mgeni wa chini ya miezi mitatu, lakini kibali cha kimataifa cha udereva hurahisisha mazungumzo na kampuni ya kukodisha na polisi pia. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na hutoza zaidi dereva wa chini ya miaka 25.

Magari huku hupita kulia na usukani uko kushoto. Anayetoka kwetu huwa makini barabara kuu, halafu hukosea pale anapotoka kituo cha mafuta ambako hakuna gari lingine la kufuata. Mwenzake wa mbele awe na kazi moja ya kumkumbusha kila wanapoingia barabarani upya. Taa ikiwa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pale kibao kinapokataza. Basi la shule lenye taa nyekundu zinazowakawaka halipitwi, hata na anayetoka mbele yake, isipokuwa barabara iwe na ukuta wa kutenganisha katikati. Mtoto wa chini ya miaka 8, mwenye uzito wa chini ya kilo 36 na kimo cha chini ya sentimita 145, lazima awe na kiti chake. Agiza kiti hicho unapokodi gari.

Kutoka Mount Dennis, Black Creek Drive inakupeleka moja kwa moja kwenye Barabara Kuu ya 400 na kisha 401 kwenda mashariki. Hii 401 ni miongoni mwa barabara zenye magari mengi kuliko zote Amerika Kaskazini. Usitoke Ijumaa alasiri wala usirudi Jumapili jioni. Toka Jumanne saa nne asubuhi, foleni ya kazini ikishapungua. Ramani ya simu inaweza kukupeleka 407, ambayo sehemu yake kubwa inalipiwa: kamera zinasoma namba ya gari, bili inakwenda kwa kampuni ya kukodisha, na kampuni inaongeza ada yake. Zima njia za kulipia kwenye ramani kabla hujaondoka.

Ufuko gani?

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo Toronto yenu ina bahari?"

"Ina ziwa, shangazi."

"Basi nipeleke nikalione. Mtu wa Tanga hakai wiki nzima bila kuona maji."

Ombi hili ni la haki, na jibu lake linahitaji ukweli wa ramani. Bahari ya chumvi iliyo ndani ya Kanada iko mbali. Halifax, kwenye Atlantiki, iko takriban kilomita 1,800 kwa barabara, maana yake siku mbili za kuendesha kwenda na mbili za kurudi. Hiyo ni safari nyingine, yenye tiketi yake ya ndege. Kwa wiki moja, ufuko ni wa Ziwa Ontario.

Wala si ufuko wa kufariji tu. Ziwa hili lina kilomita za mraba karibu 19,000. Victoria ni kubwa zaidi ya mara tatu, lakini Ontario ina kina cha mita 244, wakati Victoria haizidi sana mita 80. Hakuna kujaa na kupwa kwa maji ambako macho yanaweza kukuona. Hakuna chumvi, na hilo lina hatari yake: maji baridi hayaubebi mwili kama bahari. Kijana aliyejifunza kuogelea Nyali au Kigamboni atajikuta anazama kidogo zaidi na kuchoka mapema. Mbuga za mkoa za Ontario hazina waokoaji ufukoni, kwa hiyo mtu mzima mmoja abaki nchi kavu akiwahesabu watoto.

Siku tatu kando ya maji

Siku ya kwanza ni ya Prince Edward County, ardhi ambayo tangu kuchimbwa kwa Mfereji wa Murray mwaka 1889 imezungukwa na maji pande zote. Acha 401 karibu na Trenton, ingia Barabara ya 33 na uifuate kupitia Wellington hadi Bloomfield. Mbuga ya Sandbanks iko dakika chache kutoka hapo, zaidi kidogo ya kilomita 200 kutoka Mount Dennis. Ina fuo tatu. Outlet ina maji ya kina kifupi yanayokwenda mbali, ndiyo ya watoto na ya wasiojua kuogelea. Lakeshore inatazama ziwa wazi na ina mawimbi. Dunes imefichwa nyuma ya matuta makubwa ya mchanga, kwenye maji yaliyotulia ya West Lake. Pepo na mawimbi yamejenga matuta hayo kwa maelfu ya miaka kama ukuta kati ya ziwa kubwa na ghuba ndogo, na mimea michache inayoyashikilia huumia kirahisi ikikanyagwa; fuateni njia zilizowekwa. Msimu wa joto magari hujaa mapema, kwa hiyo nunua kibali cha siku mtandaoni kabla. Dirisha hufunguliwa siku tano kabla ya tarehe unayotaka. Lala Picton, Bloomfield au Wellington.

Siku ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haina haraka. Kutoka Picton panda kwanza hadi Lake on the Mountain, ziwa dogo lililokaa juu ya kilima, kama mita 60 juu ya maji ya Ghuba ya Quinte yaliyo chini yake. Ukisimama ukingoni unaona maziwa mawili kwa ngazi mbili, na chini kabisa feri ya Glenora ikikata maji.

Shuka uipande. Feri hii ni sehemu ya Barabara ya 33: hakuna tiketi, hakuna malipo, hata kwa gari. Unapanga foleni, mfanyakazi anakuonyesha mkono, unaingia, unazima injini. Kwa robo saa watu hushuka kwenye magari na kuegemea ukingo. Anayeijua Likoni au Magogoni atakitambua kila kitu isipokuwa ukimya na nafasi. Mpe mgeni wako hizo dakika zote. Msibaki garini mkitazama simu.

Ng'ambo ni Adolphustown, ambako mwaka 1784 walishuka wakimbizi waliokuwa upande wa mfalme wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani. Kutoka hapo barabara inaandamana na maji kupitia Bath hadi Kingston, chini ya saa moja ikiwa hamsimami, lakini simameni. Kingston ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kanada kuanzia 1841 hadi 1844, na majengo yake ya mawe ya chokaa yanatoka enzi hiyo. Nyuma ya ukumbi wa jiji kuna soko la wazi lililoanza mwaka 1801. Fort Henry iko juu ya kilima, na pamoja na Mfereji wa Rideau imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2007, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar ulivyo tangu 2000. Anayetaka tena kukaa juu ya maji bila kulipa apande feri ya kwenda kisiwa cha Wolfe.

Siku ya tatu ni ya visiwa. Mashariki mwa Kingston ziwa linageuka kuwa mto St. Lawrence, na mwanzoni mwa mto huo kumetawanyika visiwa zaidi ya 1,800, vingine vikiwa na nyumba moja tu na mti wake. Boti za watalii hutoka Gananoque, kilomita 30 hivi kutoka Kingston. Hapa zingatia sana: mpaka wa Marekani unapita katikati ya visiwa hivi. Kasri la Boldt, linaloonekana kwenye matangazo mengi, liko upande wa Marekani. Boti inayolipita bila kutia nanga haina tatizo. Inayoshusha abiria inadai pasipoti na, kwa mwenye pasipoti ya kwetu, viza ya Marekani. Soma tiketi kabla ya kulipa. Baada ya boti, 401 itakurudisha Mount Dennis kwa saa tatu au zaidi kidogo. Rudisha gari siku hiyo hiyo, na mgeni alale usiku wa mwisho hatua chache kutoka kwenye treni ya uwanja wa ndege.

Vya kuacha

Msomaji ameshaona kwamba Niagara haimo. Maporomoko yanastahili sifa zake, lakini yako kusini-magharibi mwa ziwa, na visiwa viko kaskazini-mashariki. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa siku tatu bila kuishi barabarani. Mgeni ambaye moyo wake uko Niagara apewe Niagara, kwa treni au basi la GO kutoka Union, siku ile ya nne. Na kama amechoka, ufuko ukatwe siku moja. Ottawa na Montreal ni safari nyingine. Jamaa wa London ya Ontario wanaweza kuja Mount Dennis kwa chakula cha jioni.

Uamuzi huu haufai kufanywa na mwenyeji peke yake. Wiki mbili kabla ya safari mpigie mgeni simu, umsomee orodha, na umwulize mambo matatu: kitu gani kimoja akikikosa atajuta, saa ngapi anaweza kukaa garini bila maumivu, na nani ni lazima amwone uso kwa uso. Wazee wetu wana haya ya kukataa walichoandaliwa. Akiulizwa mapema, akiwa kwake, atasema kweli, na mara nyingi jibu lake litafuta nusu ya orodha.

Vilivyofutwa viandike pembeni, vitakuwa na kazi. Viza ya kuingia mara nyingi, afisa akiitoa, inaweza kudumu hadi miaka 10 au mpaka pasipoti iishe muda. Aliyekuja Septemba hii akarudi nyumbani na nguvu zake anaweza kuja tena, na safari hiyo ya pili mkampeleka Halifax akaione bahari yenyewe.